Asiyeulizwa Hali

Jina letu ni Behalani, na kila Mbaluchi mwenye ulimi mrefu ana utani wake juu ya jina hilo. Be ni bila, na hali ni hali: watu wasio na hali. Ukienda mjini kuuza tende ukataja kabila lako, muuza chumvi atakupima kwa macho kisha aseme, "Karibu, bibi, ila mie kwenu siji. Nitakufa kabla hamjaniuliza nimetoka wapi." Wenzake watacheka, nami nitacheka nao, maana nilifundishwa kuchekea hapo tangu nilipoletwa kuwa bibi harusi.

Sikuzaliwa Mbehalani. Nilizaliwa upande wa bahari, kwa watu wanaouliza hali kila kiumbe, hata mbwa. Na hivyo ndivyo Wabaluchi walivyo. Mgeni akifika anakaa, anapewa maji, kisha mkubwa wa nyumba anamwambia, "Toa hali." Hapo atasimulia yote: alitoka wapi, alipishana na nani, mvua imenyesha wapi, ngamia wa nani amepotea, nani amekufa na nani ameoa. Akimaliza husema "kheri", kisha hugeuka na kuuliza, "Na nyinyi, hali yenu?" Mwenyeji naye hutoa yake. Kudanganya katika hali ni aibu kuliko wizi, kwa sababu mwizi huenda alikuwa na njaa.

Kwa Behalani haiko hivyo. Mgeni hula, hunywa, hulala. Akipenda kusema atasema, asipopenda haulizwi. Wenyewe wanaiita adabu. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo kumwuliza mgeni wa kike habari za safari, mama mkwe alinifinya paja mpaka likavilia damu.

"Usiulize," aliniambia tulipobaki wawili. "Ukiuliza utaulizwa."

Magharibi ileile nilikuwa jikoni naye, tunakanda unga wa shayiri, nikasikia mtu anakohoa nje ya ua. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume mwenye adabu, kile cha kuwapa wanawake nafasi wajifunike kabla hajaingia. Nikavuta shela yangu kichwani.

"Mama, kuna mgeni."

Mikono yake haikusimama. Macho yake aliyatia ndani ya unga kama anayetafuta sindano. "Ni mbuzi," alisema.

"Mama, mbuzi hapigi hodi."

"Wa kwetu hupiga."

Nilitoka nikachungulia. Palikuwa na ua wa miiba, vumbi, na mdomo wa shimo la mfereji, ule mfereji wetu unaopita chini kwa chini kutoka mlimani na kulisha mitende yote. Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nikarudi ndani, na tangu hapo nilikisikia kila magharibi, kama wanavyokisikia wote. Kwa hiyo ukitaka kumjua Mbehalani, usimwulize babu yake ni nani. Kaa naye jua linapozama, uone kama atatazama kikombe chake ghafla bila sababu. Wabaluchi wengine wakiwa wamekaa papo hapo hawasikii kitu. Na binti zetu wakiolewa mbali, kinaisha. Wifi yangu aliyeolewa ng'ambo ya bonde alikuja kututembelea, akaniambia huku analia kwa furaha kwamba kule magharibi ni kimya kabisa, unasikia hata chungu kikitokota.

Mume wangu Shahdost hakuwa mtu wa kutazama kikombe. Jioni moja, binti yetu Sazen bado ananyonya, kikohozi kilikuja, naye akaweka tonge chini. "Huyu mtu amesimama sana," alisema. Alichukua fimbo, akatoka, na nilimsikia akiita, "Nani? Uko wapi?" Sauti yake ikaenda ikififia kuelekea mfereji. Walimtoa shimoni asubuhi. Maji yalikuwa ya magoti tu, na mwilini hakuwa na jeraha. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio. Waliniambia aliteleza, nikasema sawa, kwa kuwa na mimi nilikwisha kuwa Mbehalani.

Basi nilimlea Sazen peke yangu katika nyumba hiyohiyo, ya mwisho juu kabisa, karibu na shimo. Nilimwimbia kila magharibi alipokuwa mdogo, kwa sauti kubwa, majirani wakanicheka kwamba mjane ana furaha gani. Haikusaidia. Akiwa anatarizi, sindano ilikuwa inasimama hewani kabla hata mimi sijasikia kitu. Na mwaka huu wa tende nyingi, siku moja aliniambia, bila woga wowote, kama anayezungumzia jirani:

"Mama, leo hakukohoa tu. Alisema neno."

"Neno gani?"

"Sikulishika. Nikimsogelea nitalishika."

Nilimwona baba yake na fimbo yake. Nikaapa kwamba mtoto huyu lazima aolewe, na aolewe mbali, kabla hajasogea hata hatua moja.

Bahati ilikuwepo. Dilmurad wa Zardkohi alikuwa amemwona kwenye harusi moja, na shangazi zake walikwisha kuja kuchungulia tarizi yake na meno yake. Zardkohi ni kabila kubwa, wana visima vya mashine na magari, na mlima unaotutenganisha nao wanauita wao. Nilimwuliza Sazen kama anamtaka. Akaficha uso kwenye shela. "Anacheka vizuri," alisema, na kwangu hilo lilitosha.

Tatizo lilikuwa baba wa kijana, mkuu wao Mir Kambar. Alituma maneno kwa shemeji yangu, Kahuda Pirdad, mkuu wa kijiji chetu: mwanawe hawezi kuoa kwa watu wasio na asili. Kama Behalani ni Wabaluchi kweli, atakuja yeye mwenyewe aisikie nasaba yao ikiimbwa, baba kwa baba, mpaka Halab ya Sham. Wabaluchi wote husema tumetoka Halab, na mwenye shaka na aseme hivyo mbele ya watu wenye bunduki.

Pirdad aliogopa na kufurahi kwa pamoja. Alimleta Sabzal, mzee mwimba nasaba, na zeze lake lililofungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

"Utufikishe Halab, Sabzal," Pirdad alimwambia, "na usitupoteze njiani kama ulivyowapoteza wale wa bondeni."

"Wale walinipa kuku, Kahuda. Kwa kuku mtu hafiki Halab, anaishia njiani."

"Utapata mbuzi."

"Kwa mbuzi mtafika. Mkitaka niwapitishe Makka mhiji kabisa, itabidi tuzungumzie ngamia."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namimina chai, nikacheka pia, lakini nilipompa kikombe niliona hakuwa akitazama watu. Alikuwa anatazama shimo.

Asubuhi ya siku ya wageni, wanaume walipokwenda kuchinja, Sabzal alikuja uani kwangu kukaza nyuzi kivulini. Nilimpa maziwa ya mgando, nikakaa mbele yake.

"Mjomba Sabzal, huyo Mir Behal wa kwenye wimbo, aliyetoka Halab na upanga, ulimjua vipi?"

"Babu yangu alimwimba."

"Na babu yako alimtoa wapi?"

Alifuta ndevu. "Babu za mumeo walimpa ngamia jike, mwenye mimba. Kwa ngamia mwenye mimba unaleta upanga, farasi, na mama mwenye ukoo."

"Na kabla ya ngamia? Wimbo ulikuwa unasemaje?"

"Mahlab, binti yangu, leo ni siku ya posa. Niache niimbe nile."

Nikamweleza habari za Sazen na lile neno. Nikamwambia naogopa, ninaogopa mpaka usingizi nimeusahau. Mzee alilaza zeze kwenye blanketi, akalifunika, kama hataki lisikie.

"Mimi damu yangu si yenu, sikisikii," alisema. "Lakini babu yangu alinifundisha na wimbo ule wa kwanza, akaniambia nikiuimba nitapigwa mawe. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mzee wenu hakuwa na kabila, alikuwa mtu wa kuchunga mbuzi za watu. Hema lake lilikuwa papa hapa ulipokaa. Magharibi akaja mgeni, akakohoa, akaingia, akashika mti wa hema. Unajua maana yake."

Nilijua. Mbaluchi akishika mti wa hema lako, amekuwa amana yako. Utakufa wewe, watakufa wanao, ndipo aguswe yeye.

"Mzee akamwambia, kaa, kunywa maji, kisha nikuulize hali. Bakuli halijamalizika, wakafika waliokuwa wanamfuata, watu wa nguvu. Wakasema, mtoe huyo, na maji ya mfereji huu yatakuwa yako, wewe na wanao. Akamtoa. Walimwua palepale uani. Hakuwa ameulizwa hali, Mahlab. Hakuna aliyejua jina lake, wala ni mwana wa nani, wala mama yake apelekewe wapi habari. Watu wa bonde walipomwuliza mzee wenu, yule mgeni wako alikuwa nani, hakuwa na la kujibu. Ndipo wakawaita wanawe Behalani. Lilikuwa tusi. Wajukuu wakalikuta ni jina."

"Na hao watu wa nguvu ni akina nani?"

"Majina ya wenye nguvu hayakai kwenye nyimbo za namna hiyo."

"Miaka yote hiyo anakohoa mlangoni. Mbona hamna hata mmoja aliyemwuliza hali, yaishe?"

Sabzal alinitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. "Kwa sababu akimaliza kutoa yake, atauliza yenu. Na hali haidanganywi."

Sikumwambia mtu. Nilijiambia, kama kudanganya ni dhambi ya wanaume na zeze lao, mimi shida yangu ni kumvusha mwanangu mlima. Akifika upande wa pili atasikia chungu kikitokota. Mengine watajuana wenyewe na babu zao.

Wageni walifika baada ya alasiri na magari mawili. Posa ilikuwa kwangu, kwa hiyo walikaribishwa nyumbani kwangu, na mimi na Sazen tulikaa nyuma ya pazia penye upenyo. Mir Kambar aliketi mahali pa heshima, kwenye mto mkubwa, mkabala na mlango. Alikuwa mtu mpana, na aliongea polepole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkatiza. Kando yake walikaa wapwa zake wawili, wana wa dada yake aliyeolewa kabila jingine, vijana wa saa kubwa mkononi. Pirdad alikuwa anamkatia nyama laini kwa mikono yake mwenyewe, akimrudishia kila alichosukuma pembeni.

"Nyama nzuri," alisema Mir Kambar. "Kwetu wapo wanaosema Behalani waliota kwenye shimo la maji kama vyura."

"Watu wana maneno, Mir," alijibu Pirdad huku akicheka kwa shida.

"Mimi sisikilizi maneno. Nataka kusikia baba zenu."

Sabzal akapiga zeze. Siwezi kusema uongo, aliimba vizuri. Mir Behal alitoka Halab mbele ya macho yetu, akavuka mito, akazika ndugu, akamwoa binti wa ukoo. Hata mimi niliyejua habari ya ngamia mwenye mimba nilimpenda. Pirdad alikuwa anatikisa kichwa machozi yakimlenga, amesadiki kila kitu. Mir Kambar alisikiliza bila kupepesa, na baba wa tatu alipotajwa akasema "vyema", na wa tano akasema "vyema" tena, nikamshika Sazen goti kwa furaha. Tulikuwa tumefika. Nuru mlangoni ilikuwa imegeuka ya manjano.

Kikohozi kikaja.

Behalani wote walifanya tunavyofanya. Pirdad aliangalia kikombe chake. Mke wake, upande wetu wa pazia, akaanza kukunja nguo isiyohitaji kukunjwa. Wapwa wa Mir waliendelea kutafuna, mmoja akichokoa meno. Sabzal, asiyesikia, aliendelea na baba wa sita.

Nami kupitia upenyo nilimwona Mir Kambar. Kikombe kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni. Macho yake, yaliyokuwa mlangoni, yakaanguka ndani ya chai ghafla, na yakabaki humo. Nilimjua mtu anayetazama hivyo. Nilimwona mama mkwe kwenye unga, nikawaona majirani, nikajiona mimi kila jioni ya maisha yangu ya ndoa. Huyu alikuwa anasikia. Na haikuwa mara yake ya kwanza, maana mara ya kwanza mtu hugeuka.

Basi kule mlimani nako anakohoa. Wale watu wa nguvu ambao majina yao hayakai kwenye nyimbo walikuwa wamekaa kwangu, wanakula mwana-kondoo wangu, na mimi nilikuwa namfunika mwanangu shela ya harusi nimpeleke kwao akapone. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na hapa walikuwepo wafichaji wawili kwenye jamvi moja, kila mmoja anamwuliza mwenzake ni Mbaluchi wa wapi.

Sazen alisimama. Alikuwa ameshika bakuli la maji.

Nilimdaka kifundo cha mkono. "Unakwenda wapi?"

"Leo nimelishika, Mama." Uso wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio ulionitisha. "Anasema, niulizeni."

"Kaa chini. Sazen, kaa chini, wageni wamekaa, posa yako hii."

"Amechoka, Mama. Humsikii alivyochoka?"

Alivuta. Hakuvuta kwa nguvu, lakini nilijua nikimshikilia leo, kesho atavuta tena, na keshokutwa, na siku moja nitakuwa nimelala au nimekufa. Nikimwachia, atakwenda kama baba yake, akiita "uko wapi" mpaka chini. Sikumwachia, na sikumzuia pia. Nilijifunika shela, nikasimama, nikatoka naye nje ya pazia, katikati ya wanaume.

Zeze likanyamaza.

"Shemeji!" Pirdad alikuwa amesimama nusu. "Umepagawa? Mbele ya Mir?"

"Kupagawa ni kwenu, shemeji. Mimi nimechoka tu."

Nje hapakuwa na mtu, kama kawaida. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye mkono wa mwanangu, na kwa ule mwingine nilikunjua jamvi lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikalitandika kwenye vumbi mbele ya mlango. Tukakaa. Sazen akaweka bakuli mbele yetu. Ninasema wazi kwamba niliogopa kuliko siku ya kumzika Shahdost. Lakini nyumba ile haikuwa na mkubwa mwingine ila mimi, na anayeuliza ni mkubwa.

"Mgeni," nilisema. "Karibu. Umesimama sana. Toa hali."

Kisha mtu akashusha pumzi, karibu kabisa, ng'ambo ya bakuli.

Miaka yote nilidhani ni mzee. Ilikuwa sauti ya kijana, mdogo kuliko Dilmurad, sauti ambayo bado inavunjika mahali.

"Kheri," alisema. "Nimetoka nyumbani alfajiri. Huko juu mvua imenyesha, majani yapo, wenye mbuzi wapande. Njiani nimepishana na msafara wa tende, wote wazima. Ngamia jike mwekundu amepotea, sikio limekatwa ncha, mkimwona mwenyewe yuko kwenye kisima cha chini. Kaka yangu ameoa. Mama yangu Gwahar ni mzima ila macho yanamsumbua, nimemwambia nitarudi na dawa. Mimi naitwa Nodan. Kuna watu nyuma yangu, wanasema nimeiba farasi. Sikuiba, nilimkuta anazurura na hatamu, nikampanda nimrudishe. Sikuwajua ni watu wa hasira. Nimeona moshi wa nyumba yenu, nikasema, hapa pana watu."

Ndani kitu kilivunjika, kikombe.

"Mjomba, vipi?" nilisikia mpwa mmoja akiuliza. "Wale wanawake wanaongea na nani?"

"Nyamaza," alisema Mir Kambar.

Nilikuwa nalia. Ngamia yule mwekundu alikwisha kuwa mifupa, na mifupa nayo vumbi, na Gwahar alikaa mlangoni na macho yake mabovu akisubiri dawa mpaka nani ajuaye lini. Hali yote ile, nzuri, ya kawaida, ambayo mtu angeitoa kwa pumzi moja huku akinywa maji, ilikaa kooni mwa mtoto wa watu tangu zama za mababu.

"Kheri," alimaliza Nodan, kwa adabu, kama alivyofunzwa. "Na nyinyi, hali yenu? Hapa nimefika kwa nani?"

Pirdad alikuwa amekwisha kufika kizingitini nyuma yangu. Naye alisikia kila neno, maskini. Alikuwa ananong'ona kwa kasi, "Mwambie Halab. Shemeji, nakuomba kwa jina la Mungu, mwambie Mir Behal, mwambie Halab."

Na mimi nilikuwa na langu zuri zaidi. Ningeweza kusema mimi ni mtu wa upande wa bahari, mwenyeji wa kuja, sikuwepo, hayanihusu. Ingekuwa kweli. Sazen alinigeukia. Nilimwangalia mwanangu, aliyekua kwa tende za mfereji ule na mkate uliokandwa kwa maji yale, nami nikakumbuka kwamba nimeyanywa miaka yote na sikuuliza yametoka wapi.

"Umefika kwa waliokutoa," nilisema. "Ulishika mti wa hema letu, na tukakutoa kwa maji. Maji tunayanywa mpaka leo. Hatukukuuliza jina, na jina letu ndilo hilo. Hatuna asili nyingine, Nodan mwana wa Gwahar. Hiyo ndiyo hali yetu."

Pirdad alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kilemba chake.

Aliyepewa hali humalizia kwa kusema "kheri", ndiyo desturi. Nilingoja. Nilimshika Sazen kwa mikono yote miwili sasa, nikitazama mdomo wa shimo, nikijua kwamba akiitwa upande ule nitaingia naye.

Hakusema kheri. Vumbi likakanyagwa, hatua za mtu aliyechoka, na hazikwenda shimoni. Zilikuja kwetu. Zikapita kati yangu na ukuta, na Pirdad akavuta miguu yake haraka bila kufunua uso. Mlangoni tukasikia ndara zikivuliwa, moja, kisha ya pili.

Niligeuka. Ndani wapwa wawili walikuwa wamekodoa macho, si mlangoni ila kwa mjomba wao. Mir Kambar alikuwa amesimama.

"Farasi alikuwa wetu," alisema. Hakumwambia mtu yeyote mle ndani. "Alirudi mwenyewe baada ya siku chache. Kwetu wanasimulia kama kichekesho."

Kisha yule mtu mpana akatoka mahali pa heshima. Akaupangusa mto kwa mkono wake, akaunyoosha, akauelekeza mlangoni. Akashuka kwenye jamvi, akawapita wapwa zake, akampita Sabzal na zeze lake, akakaa karibu na mlango, mahali pa viatu, ambapo hukaa mtu asiye na kabila.

"Mjomba, unafanya nini? Huyu mzee mwimbaji hajamaliza nasaba yao!"

"Imekwisha," alisema. "Na yetu imo humo." Akainua macho kwa Sazen, na alikuwa na uso wa mtu aliyezeeka tangu alasiri. "Mwanangu, mgeni hajanywa maji."

Sikujua kama tulikuwa bado tunaoza binti, wala sikuuliza. Nilifungua mikono. Vidole vyangu vilikuwa vimeacha alama kwenye kifundo chake. Sazen aliinua bakuli, akalibeba kwa uangalifu lisimwagike, akaruka miguu ya ami yake Pirdad kizingitini, akaliweka mbele ya mto ambao hapakuwa na mtu juu yake, akakaa humohumo ndani, mbali na shimo.